Kwaresima Ambayo Bibi Hakuonja

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu nje kidogo ya Mafinga, mgeni hakunywa ulanzi, pombe ya mianzi, kabla mwenyeji hajaonja. Mwenyeji alipiga funda moja mgeni akiangalia, ndipo akamkabidhi kikombe. Kuonja huko walikuita kutoa sumu. Hakuna aliyeona kuwa anashukiwa. Ilikuwa adabu, kama kupiga hodi.

Bibi yangu, aliyemzaa baba, ndiye aliyenilea. Nyuma ya nyumba alikuwa na mianzi, na wakati wa mvua aliikata ncha asubuhi na jioni, akakinga maji yake yanayogeuka ulanzi. Wapasua mbao walipita kwake wakitoka kazini.

Mwaka huo, Kwaresima ilipoanza, aliacha kunywa. Mimi peke yangu ndiye niliyeambiwa, kwa kuwa tulilala kitanda kimoja na nilikuwa nimeanza kuuliza.

"Ukifunga usitangaze," alisema. "Ukitangaza, watu ndio watakaokulipa, si Mungu."

Alasiri moja akaja Baba Tumaini, jirani yetu. Nilikuwa mlangoni napukuchua mahindi. Bibi alimimina ulanzi, akampa kikombe moja kwa moja. Jirani alikitazama kikombe, akamtazama bibi.

"Kamwene, bibi. Leo mbona hunionjei? Umeniwekea kitu?"

"Ningetaka kukuua, ningekuua ulipokuwa mdogo ukiniibia mahindi. Kunywa, mwanangu."

Alicheka, akanywa, akaongezewa. Usiku ule tumbo lilimkata. Siku ya tatu alifariki.

Msibani, dada wa marehemu, Mama Neema, aliniita nyuma ya jiko akanipa kipande cha nyama.

"Wewe ulikuwepo pale. Bibi yako alionja?"

Hakuniuliza kwa nini. Nilijua kwa nini, lakini nilikuwa nimeambiwa nisitangaze, na kusema uongo nako kulikuwa dhambi.

"Hakuonja."

"Haya. Nenda kacheze na wenzako."

Hakuna aliyemfukuza bibi wala kumwinulia mkono. Kwenye misiba ya kijiji yeye ndiye aliyekuwa akisimamia masufuria. Msiba uliofuata alitumwa kuni. Uliofuata tena waliambiana wampe kiti. "Pumzika, bibi, umechoka." Hakuwa amechoka. Wapasua mbao walianza kupita njia ya bondeni, na ulanzi ulichachukia nyumbani mpaka akaumwaga. Hata Pasaka ilipopita, hakujieleza kwa mtu.

Hayo ni ya kijiji. Yangu sijawahi kuyaandika.

Mimi niliyejua sababu nilianza kumchunguza. Nilihesabu vitu alivyotia chunguni. Chini ya kitanda nilikuta kopo lenye mizizi mikavu. Aliniambia ni dawa ya mgongo, na mgongo kweli ulikuwa ukimuuma, lakini nililala nikiwa nimegeukia ukuta. Nilijiuliza kama ile habari ya kufunga aliniambia mapema kwa makusudi, ili siku ikifika niwe na la kuamini. Nilikuwa na miaka tisa. Mashaka hayahitaji umri mkubwa.

Asubuhi moja aliniwekea uji. Sikuugusa. Niliutazama, nikamtazama yeye. Alichukua kikombe, akanywa funda, akafuta ukingo kwa pindo la khanga yake, akanirudishia.

"Kunywa. Utapoa."

Tangu siku hiyo alionja kila alichonipa, hadi nilipokwenda kusoma Iringa mjini. Hakuwahi kuniuliza lolote.

Nimefanya kazi ya gazeti kwa miaka mingi, nikiuliza watu maswali na kuandika majibu yao. Bibi alifia nyumbani kwangu Kihesa, tukamrudisha kijijini kumzika. Mama Neema alikuja. Katika mazungumzo tu, akimkumbuka kaka yake, alisema tumbo lilikuwa likimsumbua tangu Krismasi, kabla ya Kwaresima ile. Nilimuuliza kama alilisema hilo wakati wa msiba. "Nani aliniuliza?" alijibu, akaendelea kumenya viazi.

Nami niliulizwa swali moja, nikajibu hilo hilo.

Kilichomuua Baba Tumaini sikijui, na waliosema wanakijua siwaamini. Kinachonisumbua ni kimya cha bibi. Jibu langu la msibani alilipata. Katika kijiji chetu neno la namna hiyo halilali njiani. Alijua pia kuwa niliyanyamazia yaliyobaki kwa sababu yeye ndiye aliyeniagiza. Angeweza kunifungua kinywa kwa neno moja, nami ningekimbia nyumba hadi nyumba kueleza kwamba alikuwa amefunga. Hakulisema. Sijui mpaka leo alikuwa akinilinda mimi na lawama ya jibu lile, au akiilinda funga yake.