Sindano ya Njano

Kule Kwedizinga hakuna aliyemzidi Koisaba kwa mkono mwepesi wa sindano. Ng'ombe akikohoa, ndama akizubaa, huitwa yeye na chupa yake ya dawa ya njano. Waliopona walimletea sifa; waliokufa hawakuwa na ulimi wa kumshitaki. Na alikuwa na imani yake moja: ugonjwa ukikaza, changanya dawa. Fisi mmoja, alisema, hawezi mbwa wawili.

Basi mkewe Siamanta alipolazwa hospitali ya Korogwe kwa homa ya uti wa mgongo, shingo imekakamaa kama mpini, Koisaba hakuridhika na sindano za wauguzi peke yake. Alimpenda mwanamke yule kuliko mifugo yake yote, na kwa mfugaji hilo si neno dogo. Kila asubuhi, akijifanya anamfunika shuka, alimdunga pajani ile dawa ya ng'ombe. Hakumwambia mtu. Mficha uchi hazai, lakini nani angemkubalia?

Siamanta alizidi kudidimia. Muuguzi Maryamu alipomgeuza, akaona paja limevimba, na chupa ya njano ikichungulia mfukoni mwa Koisaba; akamwita Daktari Awadhi, naye akamtoa Koisaba nje.

"Mzee, dawa yetu huua vijidudu vikiwa vinazaana. Hiyo yako haiviui, inavizuia tu visizaane. Umevilaza usingizi, yetu ikapita bila kuvigusa."

"Lakini zote mbili ni dawa!"

"Kila moja peke yake, ndiyo. Zikikutana mwilini, yako inaifunga yetu mikono."

"Kwa hiyo namuua mke wangu?"

"Ugonjwa huu unaua hata bila wewe. Sijui, mzee. Hatutajua."

Afadhali angemtukana. Dawa ya njano ilikoma, za hospitali zikaendelea, lakini maji yalikwisha kumwagika. Siamanta alikata roho bila kumtambua mumewe.

Baada ya maziko, mama yake Siamanta, bibi Nasieku, alimwendea Koisaba mbele ya wazee.

"Wengine huwaacha wake zao nyumbani mpaka wafe. Wewe ulimpeleka, ukamtafutia kila dawa. Mungu akulipe, mwanangu."

Wazee wakaitikia. Koisaba akafungua mdomo aseme ukweli. Akamtazama yule mama, akaona hiyo ndiyo faraja pekee aliyobaki nayo.

"Asante, mama," akasema.