Mlango wa Gari la Rangi ya Fedha

Mzee wangu alipaka magari rangi miaka mingi Nairobi, kwa karakana ya watu. Alikuwa akifika nyumbani Machakos Jumamosi jioni, na Jumapili baada ya kanisa anaondoka. Nikawa kama nimeolewa na Jumamosi. Miaka ya tisini akafungua karakana yake hapa mjini, mabati machache tu na uwanja wa vumbi. Akaniambia, "Mama Watoto, nitajaribu mpaka Krismasi. Ikikataa, narudi Nairobi."

Nilibeba uzi wangu nikaenda kusukia viondo hapo uwanjani, ili nimwone kila siku.

Basi likaja gari la spoti. Milango miwili, chini kama kiatu, rangi ya fedha inayong'aa. Mwenyewe alikuwa mtu mkubwa. Jina lake niko nalo, na majina ya wote wa wakati ule, lakini wengine wamelala, wacha wapumzike na majina yao. Alikuwa amegongana na mkokoteni wa maembe kule Matuu, mlango mmoja ukaharibika. Jumamosi bintiye alikuwa aolewe, na hilo gari ndilo lingempeleka kanisani.

"Fundi," akasema, "ukinipatia rangi ile ile ya kiwanda, nitakuletea marafiki zangu wote. Ukikosa, pia nitawaambia."

Mzee akasoma namba ya rangi kwa kibati kilicho chini ya boneti, akaagiza kopo la rangi hiyo. Lakini kopo lilikuwa jipya, na gari lilikuwa limekaa juani miaka, rangi yake imepauka. Akaongeza tone la nyeusi, akaongeza la buluu, akipaka kwa kipande cha bati na kukilinganisha na gari. Alipotosheka tukamwaga maji uwanjani, vumbi lilale, akapuliza mlango rangi kwa spregani. Ilikuwa Alhamisi mchana, jua kali.

Ulipokauka akatuita tuangalie, mimi na dadake, wifi yangu, ambaye nilisuka naye pamoja. Alituamini, kwa sababu uzi wa kiondo ukitofautiana kidogo tu, sisi tunajua. Tuliangalia pale pale tulipokaa: wifi mbele ya mlango, mimi kando, karibu na taa za nyuma.

"Imekuwa nyeusi," nikasema.

"Nyeusi wapi?" wifi akasema. "Hiyo ni nyeupe kama maziwa!"

"Wifi, macho yamezeeka."

"Haya macho ndiyo yalikuona siku ya kwanza, nikamwambia kaka yangu, huyu ana mdomo. Yalikosea?"

Mzee akashika kichwa. "Mmoja wenu ananirudisha Nairobi." Kisha akatutazama tulivyokaa. "Simameni. Badilishaneni viti."

Tukabadilishana, viondo mkononi. Nikaangalia mlango. Ulikuwa mweupe kama maziwa.

"Aiii!" wifi akapiga kelele kule nyuma. "Umekuwa mweusi!"

Mzee akacheka mpaka akakaa chini. Akatueleza kwamba ndani ya rangi ile kuna vipande vidogo vya kung'aa, kama magamba ya samaki. Vikilala vibaya, mlango unang'aa ukiuangalia mbele na unakuwa na giza ukiuangalia kando. Mchanganyiko ulikuwa sawa; alipuliza rangi ikiwa kavu sana, kwa sababu ya jua na kwa kuogopa isije ikachirizika.

Ijumaa akaanza asubuhi, kabla jua halijawaka. Akapuliza rangi ikiwa na maji maji, akaivutavuta kidogo hadi kwenye bati la kando ya mlango, ili pasionekane pale rangi mpya inakutana na ya zamani. Sisi tulikaa kwa viti vyetu, tukabadilishana, tukabadilishana tena. Hakuna aliyepata la kubishania, na wifi alikasirika kidogo.

Jumamosi mwenye gari akaja na suti yake. Akazunguka gari, akainama, akazunguka tena.

"Fundi, kwani ni mlango gani ulitengeneza?"

"Uligonga wewe," wifi akasema, "na unatuuliza sisi?"

Akacheka, akaondoka akipiga honi. Kufika kwa kona, gari lote lilikuwa rangi ya vumbi letu.

Mzee alisimama akiliangalia, spregani bado mkononi. "Mama Watoto," akasema, "Krismasi ikipita, tuweke lango la chuma hapa, ama?"

Nikamwambia aweke, lakini alipake rangi isiyong'aa.