Fungu Lisilo na www

Nilimfahamu Appolinaire kwa sababu ya madumu mawili. Tulifika Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi hapa Uganda, siku ile ile, yeye akitoka upande wa Fizi kule Kongo, mimi Minembwe, na siku hiyo vitu viligawiwa kwa watu wawili wawili. Sisi tulipata dumu la lita ishirini na dumu la lita kumi. Desturi ya pale ilikuwa mmoja anagawanya na mwingine anachagua. Niligawanya mimi. Yeye akachagua dogo.

"Ile kubwa chukua weye," akaniambia. "Miye hii inanitosha."

Nikamwona mjinga. Baada ya wiki moja dumu langu lilikuwa linazunguka kwa majirani, kila mtu analiazima, na mimi mwenyewe nalitafuta nyumba kwa nyumba. Lake hakuna aliyelitaka. Nikasema ni bahati.

Kwenye viwanja ikawa hivyo hivyo. Alichukua chembamba kilichobanwa na barabara, mimi nikabaki na kipana kule chini. Kwangu mihogo ilistawi, nguruwe mwitu wakaila. Kwake wapita njia walisimama kununua sabuni na vocha. Nikasema ni bahati ya pili.

Ni mtu mrefu, huinama kidogo akiongea, na shati lake la Jumapili ndilo hilo hilo la Jumatatu. Akitajiwa bei hukaa kimya mpaka muuzaji aishushe mwenyewe. Mimi nabishana. Kwa hiyo tulipoanza kukodisha hema na viti vya harusi tulifaana: mimi nasema, yeye ananyamaza, mteja anachoka. Biashara tuliiita Hema za Kivu, na fundi mmoja wa kompyuta pale mjini Mbarara, Ulrich, akatufungulia anwani ya mtandao yenye jina hilo.

Mwaka juzi tuliachana. Hatukugombana. Mimi nilitaka kukua, yeye hakuwa na haraka. Nikagawanya: hema kubwa nyeupe na viti mia nne upande mmoja, hema ndogo ya mistari ya bluu, viti sitini na masufuria ya kupikia upande wa pili. Akachukua upande wa masufuria. Ikabaki anwani, na mimi siachi kitu kizima bila kukigawanya. Nikamuuliza Ulrich kama inakatika.

"Inakatika," akasema. "Yenye www mbele ni mulango moja, isiyo nayo ni mulango ingine. Kwa kawaida tunaelekeza yote mbili fasi moja. Mukitaka, kila moja itafungua ukurasa yake."

Nilifurahi sana. Benki ina www. Chuo kikuu kina www. Kila kibao cha maana nilichowahi kukiona barabarani kinaanza na zile dabliu tatu. Anwani isiyo nazo niliiona kama mtu aliyetoka nyumbani bila viatu. Nikamwambia Appolinaire achague, huku nikiomba kimoyomoyo. Akachagua isiyo na www.

"Ile ndefu chukua weye," akasema.

Wiki hiyo hiyo nikamwita mchoraji. Sisi wenye viti huandika majina yetu mgongoni mwa kiti ili visichanganyike na vya wengine msibani na harusini. Mimi niliandika anwani nzima, kwa rangi nyekundu, www ikiwa kubwa kuliko herufi nyingine. Mtu anayesikiliza hotuba za muda wa saa tatu hana kingine cha kusoma ila mgongo wa kiti kilicho mbele yake. Tangazo gani lingeshinda hilo?

Mwaka ukapita. Viti vyangu vilienda kila mahali, lakini simu ya kuulizia harusi haikulia. Aliyekodi kwangu zaidi alikuwa Inès, mama wa Kikongomani anayeishi Mbarara, mwenye kigari cha mizigo. Kila Jumamosi alichukua viti kwa bei ya jumla. Viti tu, hema hakuitaka. Ilipofika Oktoba, mtu wa Isingiro alikuja akaipima hema yangu kwa hatua, akasema atarudi Ijumaa ya wiki iliyofuata kuichukua. Harusi za Desemba ndizo zinazolisha hema mwaka mzima, na mimi sikuwa na hata moja. Ningefika Ijumaa hivyo, ningeiuza. Na bila hema mimi ni mtu mwenye viti tu. Viti kila mtu anavyo.

Siku sita kabla ya Ijumaa hiyo, Inès alichukua viti mia tatu kwenda Biharwe. Nikapanda naye ili nivilinde mwenyewe, maana siku za shida mtu huchunga hata alichozoea kukiachia.

Mchana hotuba zilianza, chini ya hema ya kuazima nisiyoijua. Mjomba wa bwana harusi alikuwa anataja ng'ombe wa mahari mmoja mmoja kwa rangi yake. Mimi nilisimama nyuma kabisa. Mbele yangu alikaa baba mmoja wa Kinyankole, mwenyeji wa huko, mwenye suti ya kahawia. Akapiga miayo, akatazama kiti kilicho mbele yake, akatoa simu. Akaandika jina letu moja kwa moja. Zile dabliu tatu akaziacha pale pale mgongoni mwa kiti.

Ukurasa ukafunguka, na juu yake hema ya mistari ya bluu.

Nikainama sikioni mwake, nikamwita bwana kwa lugha yake. "Sebo, umeruka herufi. Kuna dabliu tatu mbele."

"Hiyo? Nani anaandika hiyo siku hizi?"

"Imeandikwa hapo, kubwa."

"Mzee, hata ya benki mimi siandiki. Inapoteza wakati tu." Akabonyeza namba ya simu iliyokuwa kwenye ukurasa.

Simu ikalia nyuma ya hema, kwenye masufuria. Niligeuka. Appolinaire, mwiko mkononi, alikuwa anaitoa mfukoni. "Allô, Hema za Kivu," akasema, na sauti yake ikatufikia mara mbili, ndani ya simu na nje ya simu.

"Kumbe iko hapa hapa," yule baba akacheka. "Mimi nataka Desemba, tarehe kumi na tatu. Hema kubwa."

Nikakaa kwenye kiti changu mwenyewe. Mbele yangu kulikuwa na migongo mia tatu ya viti vyangu, kwa rangi niliyoinunua mimi, na yote ilikuwa inampelekea Appolinaire wateja. Inès alipita na sahani akanikuta hapo.

"Baba Liliane, unagonjwa?"

"Hii harusi ni ya nani?"

"Ni kazi ya Appolinaire. Miye natumika kwake tangu mwaka jana."

"Hukuniambia."

"Haukuniulizaka. Uliulizaka bei tu."

Nikaenda kwenye masufuria. Appolinaire aliponiona hakushtuka. Akanisogezea ndoo nikae.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilichagua fupi juu batu ni bavivu. Njo vile tu."

"Na ulipoona wanakuja kwako?"

"Ulifurahi mingi siku ile. Nilisikia haya kukuharibia."

Nikahesabu siku: Ijumaa inakuja. "Tugawane upya," nikasema. "Lakini leo gawanya wewe. Nachagua mimi."

Akaweka daftari lake juu ya mfuniko wa sufuria moja, simu yake juu ya mfuniko wa sufuria nyingine. "Hapa," akagusa daftari, "ni harusi za Desemba, zote. Kumi na moja, na tisa zinataka hema kubwa. Miye sina. Hapa," akagusa simu, "ni anwani yote, ya www na isiyo na www."

Nilitafuta fungu dogo ni lipi. Nilitazama mifuniko, nikatazama uso wake, sikuliona. Nikachukua daftari.

"Sawa," akasema, akaokota simu yake. Kabla haijafika mfukoni ilikuwa imeshalia. Mtu anaulizia Januari.

Mtu wa Isingiro alikuja Ijumaa akaondoka mikono mitupu. Hema ilikwenda Biharwe, ikaenda Bwizibwera, Desemba nzima haikukunjwa. Mwaka mpya ulipoanza nilinunua kopo la mafuta ya kuondolea rangi, nikaanza kufuta anwani kwenye viti, kimoja kimoja. Sikuwa tayari kumtangaza mtu bure. Nilikuwa kwenye kiti cha tatu Inès alipofika.

"Acha kwanza," akasema. "Appolinaire ananituma nikuulize: ukiiacha anwani hapo, utataka bei gani?"

Nikaweka kopo chini. Nikataja. Inès akapiga simu, akairudia bei yangu neno kwa neno, akaniwekea simu sikioni.

Upande wa pili hapakuwa na neno. Nilisikia kuku, nikasikia pikipiki inapita, nikasikia Appolinaire anavyopumua. Ukimya ule naujua. Nimeuona ukishusha bei za watu miaka mingi, nikiwa nimesimama pembeni yake.

Safari hii na mimi nikanyamaza.