Barua Niliyoisoma Mbio

Jamani, hii nawasimulia kwa kuwa tu mmening'ang'ania, maana hata leo nikiikumbuka uso unaniwaka. Zama hizo za Mwingereza, pale kwetu Kizwite, nilikuwa mmoja wa wachache waliojua kusoma, na jinsi nilivyojivunia hicho kisomo, acheni tu!

Siku hiyo dereva wa lori alituletea barua kutoka Laela, kwa baba yake Skolastika, binti niliyekuwa nikimposa, nami mkononi nilikuwa na gazeti la kuazima dukani, mwenyewe anataka limrudie kabla hajafunga. Basi mimi, mwerevu, nikaamua: barua mbio, gazeti polepole. Mnazijua barua zetu, ukurasa mzima ni salamu, mbuzi tu ndio hawasalimiwi, nikaziruka zote, jicho likatua penye "mje Jumamosi na jembe la posa", nikawatangazia ndugu zangu, nikaikunja.

"Umemaliza yote?" shangazi akauliza.

"Yote, shangazi." (Gazeti lile nililisoma hadi tangazo la sabuni, tena mara mbili!)

Jumamosi tukashuka kwenye lori Laela, watu saba na mitungi ya pombe, mimi na jembe jipya begani, shangazi anapiga vigelegele, sisi tunaimba hadi uani kwao. Uani kimya. Wanaume wameinamisha vichwa, wanawake wamejifunga khanga viunoni, mara wote wakatukodolea macho. Kigelegele cha shangazi kikakatikia kooni.

Baba yake Skolastika akasimama. "Barua hamkuipata?"

"Shikamoo baba. Tuliipata."

"Aliisoma nani?"

Ndugu zangu wote wakanigeukia, wa kunitetea hata mmoja hakuna! Ikabidi niitoe mfukoni.

"Geuza nyuma. Tusomee."

Nikasoma mbele ya wafiwa, neno kwa neno: "Nimekwisha kuandika, mara mama yangu amefariki. Msije hadi tumalize matanga."

"Kumbe polepole unaweza," akasema. "Nami nilidhani binti yangu nampa msomi. Rudini na jembe lenu."

Njia nzima nilijilaani, na shangazi akanisaidia kunilaani. Tangu hapo gazeti nalikimbiza nitakavyo, lakini barua ya mtu naisoma kama ninayechambua ulezi, na upuuzi ule siurudii hadi nizikwe. Skolastika aliolewa na mtu asiyejua hata herufi moja. Barua zikija, mume huyo huwapa watu wamsomee, na kila wakimaliza huwaambia, "Anzeni tena."