Fundi cherehani aliyekata uzi wa kidonda cha mwanawe

Saa mbili asubuhi cherehani inanguruma chumbani, si kibarazani kama siku zote. Fundi ameisukuma hadi karibu na kitanda ili akanyage pedeli huku akimchunga binti yake wa miaka sita. Mtoto amekatazwa kuruka, kukimbia na kunyanyua kitu chochote kizito. Mtaa mzima unamwita Chiriku, kwa kuwa hanyamazi.

"Baba, nikae mpaka lini?"

"Mpaka daktari aseme."

"Na daktari akisahau?"

Fundi anakunja pindo la sketi ya shule na kuendelea kushona.

Wiki iliyopita Chiriku alifanyiwa upasuaji wa ngiri ya kitovu. Aliingia hospitali asubuhi, na jioni alikuwa nyumbani, macho mazito kwa dawa ya usingizi. Wakubwa wa hospitali wanaisifu huduma hii: vitanda havijai, mtoto analala kwao. Maneno matamu. Ila mgonjwa akihamia nyumbani, muuguzi anakuwa nani? Anakuwa baba anayeshona sare na mama anayefagia ofisi za watu. Na mafunzo yao ya uuguzi walipewa koridoni, nesi akiwa ameshashika kitasa cha mlango mwingine.

"Alisema, 'Msiloweshe, dawa mara tatu kwa siku, mrudi baada ya wiki,'" anakumbuka Mama Chiriku. "Nikafungua mdomo niulize. Akaita mgonjwa mwingine."

Siku ya tatu Chiriku alijimwagia chai na bandeji ikalowa. Mama alikuwa kazini. Fundi akaibandua polepole, akakuta mshono mdogo, msafi, ila kwenye kila fundo ncha ya uzi imeachwa ikichomoza.

Aliyewahi kupeleka nguo kwa fundi ameshajua kilichofuata. Kwa miaka kumi na tisa mtu huyu hajaruhusu nguo itoke mkononi mwake ikiwa na uzi unaoning'inia. Wateja wanamfuata kwa sababu hiyo. Akachemsha mkasi mdogo, akaupangusa, akazikata ncha zote karibu kabisa na fundo.

"Nilidhani wamesahau kumalizia," anasema. "Nikamwambia, 'Tulia mama, baba anakumalizia.'"

Ncha zile huachwa makusudi, ili fundo lisiteleze na daktari apate pa kushika siku ya kutoa nyuzi. Wazazi hawa hawakuambiwa na mtu yeyote. Jioni Chiriku alicheka kwa nguvu, mafundo mawili yakaachia na kidonda kikafunguka.

Wakakimbia naye hospitali. Daktari aliyewapokea alianza na baba kabla hajamgusa mtoto, palepale koridoni, mbele ya wazazi wengine. "Mtoto si suruali, bwana." Watu wakacheka. Fundi akainamisha kichwa.

Inaudhi. Fundi alikosea na mwenyewe anakiri, tena bila kuzungushazungusha. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mkasi aliuchemsha, na kidonda hakikuwa na usaha. Aliyewatoa mlangoni bila maelezo hakugombezwa na mtu.

Chiriku alichomwa sindano ya ganzi na kushonwa upya, mama yake akiwa amemshika mikono.

"Alilia mpaka sauti ikakauka, na aliyekuwa anamwita ni baba'ake," anasema Mama Chiriku. "Mimi nilimnunia mume wangu siku mbili nzima. Halafu nikajiuliza, ningekuwepo mimi ningejua? Wapi. Ningemshikia taa akate vizuri."

Sasa wanaishi kwa hofu. Daktari amesema kidonda kikifunguka tena, mtoto atarudi chumba cha upasuaji. Ndiyo maana Fundi huacha kushona kila kitanda kinapolia. Kati ya sare kumi na mbili alizoahidi kabla shule hazijafunguliwa, amemaliza tatu. Wazazi wengine wameshachukua vitambaa vyao.

Kesho wanarudi kukaguliwa. Fundi alimwomba msimamizi wa wodi ruhusa ya kuzungumza na wazazi wanaosubiri watoto wao watoke kwenye upasuaji. Alijibiwa kwamba maelekezo hutolewa na wataalamu.

"Sawa," anasema, akilisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Walinigombeza mbele ya watu, na mimi nitasema mbele ya watu. Nitasimama pale kwenye benchi niwaambie wazazi wenzangu nilichomfanyia mwanangu. Niwaambie wasibanduke mpaka waeleweshwe kila kitu, hata kama nesi ameshika kitasa."

Na wakimtoa nje?

Mama Chiriku, anayekunja zile sare tatu, hamwachi mumewe ajibu.

"Wakimtoa yeye, naendelea mimi."