Mahali ya Ng'ombe

Katika maisha yangu ya ualimu nimesamehe utoro, nimesamehe uvivu, na mara moja nilimsamehe mwanafunzi aliyeuza dirisha la darasa. Sikuwahi kusamehe l iliyokaa kwenye kiti cha r. Nilizaliwa jirani na misheni ya Rulenge, katika lugha ya nyumbani isiyojali sana tofauti hiyo, nami niliipata kwa viboko. Na kitu kilichopatikana kwa viboko mtu hukilinda kama urithi. Nilipohamishiwa Nyakahura nikanunua shamba la migomba, nikakuta majirani wafugaji waliotoka Shinyanga, ambao kwao r ni mgeni asiyekaribishwa. Walisema balabala, selikali, habali. Niliwasahihisha shuleni, sokoni na msibani.

Mkubwa wao alikuwa mzee mmoja mrefu, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, ambaye boma lake lilitazamana na shamba langu. Kijito pekee kisichokauka kiangazi kilipita chini ya shamba hilo, nyuma ya uzio wangu wa minyaa. Ili wanywe, ng'ombe wake walizunguka mwendo wa nusu siku kupitia mashamba ya watu, na vijana wake walikuwa wameshikwa na mgambo mara mbili kwa mahindi yaliyoliwa. Kiangazi kilikuwa kinakuja. Mzee asingepata njia ya kufika majini, angeuza nusu ya kundi au angehama. Haya yote nayajua sasa. Wakati ule nilijua tu kwamba ng'ombe wale walikuwa na tabia mbaya ya kulia nyuma ya uzio wangu.

Mbunge wetu alipopita akikusanya kero za wananchi ili azipeleke Dodoma kama maswali, ofisi ya kata ilinipa kazi ya kuzinakili kwa Kiswahili fasaha. Karatasi ya mzee iliandikwa kwa penseli: "Kelo yetu kubwa ni mahali ya ng'ombe. Kwa kukosa mahali vijana wanateseka, wengine wameshikwa. Sisi wazazi tunalipa faini. Tunaomba selikali."

Nilitoa kalamu nyekundu. Kelo ikawa kero, selikali ikawa serikali. Nikafika kwenye mahali. Mtu mwingine angetembea hatua mia moja akamuulize mzee. Mimi niliiuliza sarufi. Kama angemaanisha mahali, nilijiambia, angeandika mahali pa ng'ombe, ameandika ya, basi nomino ni mahari, na mahari ya ng'ombe ni jambo linalojulikana tangu mababu. Vijana wanateseka kwa kukosa mahari, wanatorosha mabinti, wanashikwa, wazazi wanatozwa faini. Hapakubaki neno moja lenye shaka. Niliguswa hata nikaongeza, kwa hiari yangu, sentensi moja juu ya kuporomoka kwa maadili.

Asubuhi swali letu lilipofika Bungeni, tulikuwa tumejazana kwenye duka la vipuri vya baiskeli kando ya barabara, redio ikiwa juu ya gunia la maharage. Mbunge aliuliza Serikali ina mpango gani wa kumaliza kero ya mahari ya ng'ombe kwa vijana wa Nyakahura. Redio ilikuwa na mikwaruzo, na kila mmoja wetu alisikia herufi aliyozaliwa nayo au aliyochapiwa.

Naibu Waziri alijibu kwamba Serikali inaitambua kero hiyo, kwamba suala lenyewe ni mtambuka, na kwamba wataalamu watatumwa.

"Mtambuka ndiyo nini?" mzee alimnong'oneza kijana wake.

"Linavuka mto, baba."

"Basi wameelewa."

Mbunge akasimama tena, akashukuru kwa majibu mazuri ya Serikali, akauliza kama Naibu Waziri yuko tayari kuambatana naye baada ya Bunge ili akajionee mwenyewe. Yuko tayari. Kule Dodoma kilisikika kicheko. Dukani tulipiga makofi.

"Wanakuja wapimaji," mzee akasema, kisha akanigeukia. "Asante, mwalimu. Umetuandikia vizuri."

Nilimjibu kwamba ni wajibu wangu.

Naibu Waziri hakufika. Alifika mbunge, pamoja na mtaalamu wa maendeleo ya jamii, dada mpole mwenye Kiswahili cha pwani na mabango yenye picha za bibi harusi. Tulikusanyika kwenye uwanja wa shule. Mbunge alianza kwa taarifa ya kazi zake: maswali aliyouliza, miswada aliyoipigia kura ya ndiyo, na mafuta ya gari aliyotumia kuja kwetu, lita kwa lita, kwa kuwa yeye, alisema, ni mtu wa uwazi. Swali letu lilikuwa la mwisho katika orodha, na mbele yake palikuwa tayari na alama ya vema. Kisha akamkaribisha dada.

"Wazazi wangu, shikamooni."

"Marahaba!"

"Tuseme ukweli. Mahari ikiwa kubwa inaumiza familia. Ipunguzwe!"

Mzee aliinuka. "Ipunguzwe? Mwanangu, hata kuanza haijaanza."

"Ndiyo maana tunaelimishana mapema, baba. Ng'ombe watano wanatosha."

"Watano!" akapaza sauti mama mmoja kutoka nyuma. "Na wale wengine?"

"Hao wengine, mama, wabaki nyumbani."

"Wakinywa nini?"

Dada alipekua makaratasi yake. "Labda tuseme itolewe kwa awamu."

"Kwa zamu, hapo sawa," mzee akakubali. "Leo wangu, kesho wa jirani. Ila wenye ndama watangulie."

Dada akaandika kwamba wenye ndama watangulie.

Mbunge, akiona mkutano unarefuka, aliitisha kura ya kunyoosha mikono. Wanaotaka ipunguzwe? Hapakuwa na mkono. "Au mnataka iongezwe?" akauliza kwa utani. Mikono yote ikapanda, ya akina baba wenye wana na ya wana wenyewe.

"Hata ninyi vijana ambao hamjaoa?"

"Hasa sisi, mheshimiwa. Sisi ndio tunaotembea."

Nilikuwa nimeketi meza kuu, mbele ya soda yangu. Tangu yule mama aliposema "wakinywa" nilikuwa nimejua kwamba karatasi ile haikuwa na mahari yoyote. Ningeweza kunyamaza, kura ilikuwa imepigwa, na nani angemshuku mwalimu? Lakini kwa miaka mingi nilikuwa nimewaambia watoto wa watu wale wale kwamba kosa lisilokiriwa huzaa. Nilisimama.

"Mzee aliomba mahali," nikasema. "Mimi ndiye niliyeandika mahari."

Walicheka mpaka mabango yakaanguka. Mbunge hakucheka.

"Kwa hiyo swali langu..."

"Lilikuwa langu, mheshimiwa. Halikuwa lao."

"Lakini limeshajibiwa," alisema, na uchungu wake ulikuwa wa kweli. "Jipya litasubiri mkutano mwingine wa Bunge."

Kiangazi kisingesubiri. Nilimgeukia mzee. "Mahali penyewe ni wapi?"

Aliinua fimbo yake polepole juu ya vichwa vya watu, akaielekeza bondeni, kwenye minyaa yangu. "Pale. Upana wa ng'ombe wawili tu."

"Mzee wangu! Tunatazamana kila siku. Mbona hukuniambia?"

"Mwalimu," akasema bila hasira, "mtu akikuomba njia, unamuuliza ngeli. Nikaona Bunge ni jepesi."

Hakuna aliyecheka safari hii, na hilo liliniuma zaidi.

Kesho yake nilikata minyaa kwa panga langu mwenyewe, upana wa ng'ombe watatu, utomvu ukiniwasha mpaka viwiko. Kundi lilipita likielekea kijitoni, wenye ndama wakitangulia. Pengoni mzee amesimamisha ubao ulioandikwa kwa mkaa: MAHARI YA NG'OMBE. Hiyo r ameichora kubwa kuliko herufi nyingine zote. Tangu siku ile haniiti mwalimu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mkwe. Mahali imetosha."

Ni pametosha. Sijamwambia.