Pambano Nililompelekea Tata

Nyumbani kwetu Manga hatukutazama mpira. Sisi ni watu wa Sabato, na mpira mkubwa wa Ulaya ulichezwa Jumamosi, tukiwa kanisani. Ndondi za uzani mzito ndizo zilizotuheshimu. Waliotwangana Marekani Jumamosi usiku walitufikia alfajiri ya Jumapili, Sabato imeshakwisha. Tata, yaani baba yangu, alilichunguza jambo hilo kwa makini na kuridhika kwamba hata huko kwao jua lilikuwa limeshazama.

Basi huniamsha, tunaunganisha televisheni na betri ya gari, nami natumwa nje kwenye baridi kuzungusha mlingoti wa antena. Majirani walijaa sebuleni na blanketi zao. Kila mtu alimjua bingwa wa dunia, hata mama, aliyetazama akiwa amefunika macho kwa leso. Tata alinifundisha nisitazame ngumi, nitazame miguu, kwa kuwa ngumi huanzia huko. Nikajiona mtaalamu. Maishani mwangu nimepigana na dadangu tu, na alinishinda.

Siku hizi nauza televisheni mjini Kisii. Mama alitutoka mwaka juzi, na tangu hapo simu zangu za Jumapili kwa Tata zikawa fupi mno: mvua imenyesha, chai imechumwa, niko sawa. Hiyo "niko sawa" ilinitia hofu. Nilimwona kichwani mwangu ameketi peke yake sebuleni, akikodolea ukuta macho. Nikaamua, kwa hekima zangu zote, kwamba dawa yake ni pambano la uzani mzito.

Kumbe pambano lenyewe halipatikani. Duka langu lina skrini ukuta mzima, na hakuna hata moja iliyoonyesha ndondi. Zimehamia kwenye chaneli za kulipia, na mabingwa wana mikanda mingi kuliko suruali. Nikamuuliza kinyozi wa mlango wa pili, ambaye televisheni yake haizimwi, bingwa wa dunia ni nani sasa.

"Heavyweight? Si hiyo maneno iliisha kitambo, mkubwa?"

Nikamcheka. Akaniuliza, haya, wewe niambie ni nani. Nikakohoa, nikasema nina mteja.

Nilitafuta kwenye simu hadi nikapata pambano, nikalitia kwenye flashi. Jumapili sikufungua duka. Nilipanda pikipiki hadi Manga nikiwa nimekumbatia skrini mpya, nikipanga maneno nitakayomwambia. Tulipofika kwenye mlima wa mwisho machozi yalikuwa yakinilengalenga, kwa jinsi nilivyokuwa mtoto mwema.

Nyumba ilikuwa na kufuli. Niliogopa kweli. Nikamuuliza mama jirani, naye akanyoosha kidole upande wa sokoni bila hata kuacha kupepeta maharagwe.

Nilimkuta Tata kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira, benchi la mbele kabisa, jezi nyekundu juu ya sweta, akimfokea refa kwa Ekegusii. Wazee wenzake walikuwa wakimsihi akae chini.

"Tata," nikasema, skrini bado kifuani, "nimekuletea pambano la uzani mzito."

Alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, hizo bado zipo?"

"Nilidhani huku uko mpweke. Kwenye simu husemi kitu."

"Siku hizi wanacheza hata Jumapili, nawe unapiga mechi ikianza! Nitasema nini?" Akageuka kuangalia mpira, kisha akanirudia, sauti imeshuka. "Na kila ukipiga uko dukani. Jumapili. Nikamwambia hata mchungaji, huyu mtoto wangu hana mtu wa kukaa naye. Tunakuombea."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Ilikuwa kweli. Jumapili mimi hufungua duka kwa sababu mle ndani kuna sauti za watu, japo ni za kwenye skrini. Miaka miwili nimemhurumia mzee huyu, na kumbe kanisa zima lilikuwa likinihurumia mimi.

Tata akawasukuma wenzake kwa kiuno, nafasi ikapatikana. Nikaketi, skrini mapajani. Sikujua timu yetu ni ipi, wala kwa nini watu wameruka. Nilimuuliza. Akaniinamia sikioni na kuniambia nisitazame mpira, nitazame miguu.